Cha Kuongezwa Gisozi

Hatuna budi kwanza kugombana na jina. Ufundi ule wa kutandaza maandishi, sauti na sanamu juu ya mahali halisi, mtu atazamapo kwa simu au miwani, baadhi ya wafasiri wameuita "uhalisia ulioboreshwa". Sisi twalikataa. Kuboresha ni kufanya bora. Basi jina hilo limekwisha kutoa hukumu kabla kitu hakijatazamwa. "Uhalisia ulioongezwa" latosha, maadamu ongezo laweza kufaa na laweza kuharibu.

Tofauti hiyo si ya wanasarufi tu. Hapa Kigali, kilimani Gisozi, pana kituo cha kumbukumbu kilichofunguliwa Aprili 2004, miaka 10 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika ardhi ile wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba auboresha uhalisia wao?

Uharibifu tumekwisha kuuona kwingine. Mnamo Julai 2016 ulipoenea mchezo wa Pokémon Go, makumbusho ya Auschwitz, na yale ya Washington yanayowakumbuka Wayahudi waliouawa, yaliwaomba wageni wasiwinde vinyago vya simu humo. Mtambo ulijua mahali palipo katika ramani, wala haukujua kwamba ni pa kilio. Mtoto aliyelelewa hushusha sauti matangani bila kuamrishwa.

Hata hivyo, Gisozi penyewe pana ongezo lililo bora, nalo halikuhitaji miwani. Katika chumba cha watoto zimetundikwa picha zao, na chini ya picha maneno machache: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo wake, kisha jinsi alivyouawa. Twausifu uchache huo, na zaidi twausifu mpango wake. Msomaji huwa amekwisha kumzoea mtoto kama wa jirani kabla hajafika mstari wa mwisho. Fundi atakayetaka kuwafanya watoto hao wacheke na kutembea machoni petu atakuwa amewanyang'anya wazazi waliosalia haki ya kuamua ni kipi kionekane. Manusura aweza kugeuza uso kutoka ukutani. Picha iliyopachikwa jichoni ataikimbiaje?

Lipo ongezo tungalolipokea kwa mikono miwili. Maonyesho yale ya 2004 yaliandikwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Mgeni wa Bukavu au Mwanza na asikilizishwe maneno yaleyale machache kwa Kiswahili, ukuta uachwe ulivyo. Kazi hiyo yamtaka mwalimu wa lugha akae na familia kabla mhandisi hajaitwa. Mathalani, mama wa mtoto yule akisema "anapenda", si "alipenda", mfasiri asimsahihishe njeo.