Kukata Shauri na Kuhukumu Watu

Kuwagawa binadamu kwa tabia zao si jambo geni pwani. Tiba ya Kiyunani, iliyopokelewa kwa njia ya vitabu vya Kiarabu, ilihesabu tabia nne: ya damu, ya balghamu, ya safura na ya sauda. Wanajimu nao wana nyota zao za moto, za udongo, za upepo na za maji. Mwaka 1921 mtaalamu wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu chake juu ya aina za watu. Miaka minne baadaye alishuka Mombasa akielekea Mlima Elgon. Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, waliuongezea mgawo wake jozi nyingine: watu wapendao jambo likatwe likaisha, na watu wapendao kuliacha wazi. Tangu hapo imekuwa rahisi kudai kwamba wale wa kwanza wamezaliwa mahakimu, na hawa wa pili ndio wenye mawazo mapana.

Kosa hili kwanza ni la tafsiri. Neno walilolichagua mama na binti lina maana mbili katika Kiingereza, na mfasiri mwenye haraka huliandika "kuhukumu". Kiswahili kinazitenga maana hizo. Kukata shauri ni kulimaliza jambo. Kumhukumu mtu ni kumpimia thamani yake. Nahodha hukata shauri la kungoja upepo au kutweka tanga, wala hajamhukumu mtu. Na yupo asiyeweza kukata shauri hata la chakula cha mchana, lakini kila apitaye mbele ya baraza yake ameshampa jina. Kupenda mambo yaishe ni tabia. Kumdharau mwenzio ni kitendo, na wahenga walisema muungwana ni kitendo.

Ushairi unatupa mahali pa kulipima neno hili. Atokaye Bagamoyo akafika Msata, kisha akageukia upande wa Chalinze, hupita Lugoba, katika nchi ya Wakwere. Kutoka baharini si mbali. Kutoka katika baraza za washairi ni mbali sana. Huko barazani mtu wa Lugoba aghalabu ni mtu wa bara: Kiswahili chake husifiwa kama cha mgeni aliyejitahidi, na nyimbo za ngoma za kwao huhesabiwa kuwa burudani, si utungo. Nani basi aliyemfungia mlango?

Jibu lililozoeleka ni kwamba waliofunga ni wenye kanuni, watu wa vina na mizani. Jibu hilo halisimami. Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954, hakuwa mtu wa Lamu wala Mvita. Alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Kanuni iliyoandikwa humfaa zaidi yule asiyeirithi. Mizani huhesabika kwa vidole, na vidole vya mtoto wa Lugoba havipungui vya mtoto wa Pemba. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkristo wa Dodoma, aliingia kwa mlango huohuo, na ngonjera zake zikaenea katika shule za nchi nzima. Sasa mtazame mwenzake Abedi, yule asemaye kwamba ushairi hauna sheria, ni ladha tu, na mwenye ladha huzaliwa nayo. Huyu huonekana mpole na mpana wa mawazo. Kwa hakika ametoa hukumu isiyo na rufaa, kwa sababu mtu aweza kujifunza mizani lakini hawezi kujifunza kuzaliwa Mvita.

Hata hivyo, kanuni nayo yaweza kutumiwa vibaya. Mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa Kichomi, tungo zake hazikufuata vina wala mizani, na mgogoro ukawaka. Kusema "kwa kanuni hii, hili si shairi" ni kukata shauri. Mwenye hoja ataleta kanuni nyingine na mjadala utaendelea. Kusema "huyu hajui ushairi kwa kuwa si wa kwetu" ni kumhukumu mtu. Na upande wa pili haukuwa safi. Walikuwapo waliomwita kila mpenda vina mtu wa kale aliyefungwa akili, na kumwita hivyo ni kumpa jina badala ya jibu. Mulokozi na Kahigi walijibu kwa adabu zaidi. Mvita ilikuwa imeshapata Malenga wa Mvita ya Ustadh Bhalo mwaka 1971. Mwaka 1976 wao wakaiita diwani yao Malenga wa Bara. Neno lililotumika kuwatoa nje ya baraza wakalifanya jina la diwani.

Bagamoyo yenyewe ilitoa mfano wa zamani zaidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa chuoni aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, alikuwa mpenda mpango. Desturi za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1903 ambacho yeye ndiye mwandishi wake mkuu, kinayapanga maisha hatua kwa hatua. Mtu wa namna hiyo angetazamiwa awe mwepesi wa kuhukumu. Lakini katika habari ya safari yake ya Udoe na Uzigua, iliyochapishwa mwaka 1901, aliahidi tangu kichwa cha habari kueleza mila za Wadoe, watu ambao sifa yao iliyovuma ilikuwa ya kula watu. Aliyekubali kwamba jirani ana mila ameshakubali kwamba ana akili. Upungufu wake uko kwao, si ugenini: katika Desturi mtumwa huonekana zaidi kutoka katika nyumba ya bwana wake, na sauti yake mwenyewe ni adimu.

Mtoro naye alihukumiwa. Alimwoa Mjerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamzuia kurudi kukaa kwao na mkewe. Wakarejea Ujerumani, na huko akafariki mwaka 1927. Waliomzuia hawakuhitaji kujua tabia yake. Rangi mbili katika ndoa moja ziliwatosha.

Basi mhakiki asijisifu kwa tabia yake wala asijitetee kwayo. Mkali na mpole wote wataulizwa mambo yaleyale: wameisoma kazi hadi mwisho, wameipima kwa kipimo walichokitaja wazi, na kipimo hicho wanakitumia pia kwa tungo za nyumbani? Shairi likiletwa kutoka Lugoba, lina haki ya kuambiwa kwamba beti zake za mwisho zimelegea, ikiwa kweli zimelegea. Mtunzi atazikaza, au atajibu kwa nini amezilegeza. Akiambiwa kwamba amejitahidi kwa mtu wa bara, hana cha kukaza wala cha kujibu.