Siku kumi na tano za ukoka

Nilifika Kabungu, mkoani Katavi, mvua za Desemba zikiwa zimeshika, nikamkuta mzee anayetunza ua wa nyasi akimalizia safu ya mwisho ya matundu. Nyasi za ukoka alizozihangaikia miaka kadhaa zilikuwa zimetobolewa kila mahali, na juu yake vimetapakaa vipande vya udongo mfano wa vidole, maelfu kwa maelfu. Mtu asiyejua angesema ngiri wamepita usiku. Mzee alikuwa anaosha chombo chake bila haraka. Kwake yeye kazi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Chombo hicho ni kipande cha bomba la chuma, mdomo umenolewa, mpini umechomelewa juu, na ubavuni kumekatwa kidirisha cha kutolea udongo. Analikanyaga, linazama kiasi cha urefu wa kidole cha kati, analing'oa, anasogea upana wa vidole vinne, anakanyaga tena. Mvua za Katavi hukatika mwishoni mwa Aprili na hazirudi hadi Novemba. Watu na ng'ombe wakipita, ardhi hushindiliwa hadi zile nafasi ndogo zinazobeba hewa kati ya punje na punje zikazibika. Mizizi hukosa pumzi. Mvua inapokuja, maji hukimbilia mtaroni.

Nilimuuliza kwa nini asitumie msumari mrefu, au uma wa bustani. Hakunijibu kwa maneno. Alichomeka nondo kwenye udongo mbichi, akaichomoa, akaniambia niingize kidole. Kuta za tundu zilikuwa zimebanwa, laini na ngumu kama ndani ya chungu. Kisha nikaingiza kidole kwenye tundu la bomba: kuta zake zilikuwa na chembechembe, zinamomonyoka. Nondo husukuma udongo pembeni, ikashindilia kule ilikokuja kulegeza. Bomba hutoa udongo nje na kuacha nafasi.

Nilichukua reki nikusanye vile vipande, maana vilinikera macho. "Viache, mwanangu," alisema. "Hivyo ni chakula cha nyasi."

Katika kazi yote hii, hapo ndipo niliposhangaa zaidi. Chini ya majani mabichi ya ukoka kuna tandiko la mashina makavu yaliyosukana, na likinenepa huzuia maji kama makuti. Vipande vya udongo vikikaa juu yake, vikanyeshewa, vikakauka, vikapasuka, vile vijidudu vya ardhini visivyoonekana kwa macho huteremka pamoja na udongo na kuanza kulila tandiko hilo. Mzee alisubiri siku nne. Kila asubuhi aliokota kipande kimoja, akakibana kwa gumba na kidole cha shahada, akakirudisha. Siku ya tano kilivunjika unga. Ndipo alipopitisha mgongo wa reki, taratibu, akalisambaza lile vumbi.

Mchanga aliufuata mwenyewe mtoni, akauosha, akauchekecha. Huo ndio wa kujaza matundu, na ameniambia mara mbili kwamba haukorogwi na mfinyanzi, kwa sababu mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hukauka kama tofali. Anauswaga kwa ufagio wa chelewa hadi uingie tunduni wenyewe, ukae kama mhimili unaoachia hewa na maji yashuke. Juu yake hunyunyiza samadi iliyooza misimu miwili, nyeusi, isiyonuka tena. Samadi mbichi huunguza na huleta mbegu za magugu. Baada ya hapo anainama, anatazama usawa wa ardhi: ncha za majani lazima zionekane zote. Palipofunikwa anarudia kufagia.

Kamba ilizungushwa ua mzima, hapiti mtu. Wiki ya kwanza, siku ambayo mvua haikunyesha, alimwagilia kwa keni asubuhi mapema, kidogo tu, kwa kuwa tundu hukaukia pande zote. Wiki ya pili alipunguza siku na kuongeza maji, ili unyevu ushuke chini na mizizi iufuate. Magugu aliyang'oa kwa mkono wakati udongo umelegea. Fyekeo alilinoa kwa tupa kila alipotaka kuligusa, kwani makali butu huchana jani na ncha hubaki kahawia, na hakukata zaidi ya theluthi ya urefu wake.

Ukoka unavumilia hayo yote kwa sababu umelelewa na meno. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake, na macho yake ya kuchipua hukaa chini, mnyama asipofika. Katika Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, viboko hutoka majini usiku na kula hadi kingo zikabaki na nyasi fupi kama zulia. Na uzao wa nyasi hizi umefika mbali: mwaka 1960 Glenn Burton, mtafiti wa Tifton katika jimbo la Georgia, Marekani, alitoa aina ya Tifway, mseto wa ukoka na ndugu yake wa Afrika Kusini, ambayo hadi leo imetandikwa kwenye viwanja vya mpira na gofu. Huko matundu hutobolewa kwa mashine zenye safu za mabomba. Lakini kusubiri kule ni kulekule. Nilifurahi kumwambia mzee habari hii, naye akaipokea kwa kutikisa kichwa, macho yakiwa kwenye wingu.

Siku ya kumi na tano aliniita. Alikata kipande cha nyasi kwa panga, duara dogo lililopita katikati ya tundu moja, akakinyanyua na kukigeuza ubavu. Mchanga ulishuka kama uzi mpana ndani ya udongo mwekundu, na ndani yake mizizi mipya, myeupe, myembamba kuliko nywele, ilikuwa imeteremka hadi mwisho wa tundu na kulipita. Alinipa nikishike. Kisha akakichukua, akakirudisha mahali pake, akakibonyeza kwa kisigino, akaenda kujaza keni.