Nyasi za Asili Zinavyorudishwa Ukambani

Ardhi ya Makueni iliyolishwa kupita kiasi hupigwa na matone ya mvua hadi ikafanya gamba gumu. Maji huteleza juu yake na kuondoka na mbegu. Kuzuia mifugo isiingie hakutoshi peke yake, maana mara nyingi mbegu zilizokuwa udongoni zimekwisha. Ndiyo sababu kazi ya kurudisha malisho, iliyochunguzwa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Kiboko, huanza na udongo.

Gamba huvunjwa kwa plau ya ng'ombe, mitaro ikikingama na mteremko ili maji yasimame na kunywea. Mbegu hupandwa ndani ya mitaro kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Ukambani hutegemewa kuliko za Machi hadi Mei. Udongo wa kuzifunika huwa mwembamba sana. Punje ya mbeetwa (Eragrostis superba) ni ndogo mno. Ikizikwa chini, chipukizi huishiwa na akiba kabla ya kufika juani. Mbegu zilizovunwa karibuni nazo nyingi hukataa kuota, kwa hiyo huwekwa ghalani miezi kadhaa kwanza.

Nguu (Enteropogon macrostachyus) huota upesi na kuushika udongo mapema. Ndata kivumbu (Cenchrus ciliaris) hushusha mizizi mirefu, na shina lake la chini hubaki hai majani yakikauka. Nyasi hizi zote hutumia usanisinuru wa aina ya C4: hunasa kaboni dioksidi hata vitundu vya majani vikifunguka kidogo, hivyo hupoteza maji kidogo kwa kila gramu zinayoikuza. Kuzichanganya ni busara kuliko kutegemea moja. Uasili nao una mahali pake: ndata kivumbu iliyopelekwa Marekani kwa ajili ya malisho sasa inaeneza moto katika jangwa la Sonora, ambako dungusi kakati hazikuzoea kuungua.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kungoja. Mche ambao mizizi yake haijashika hung'olewa mzima ng'ombe anapouma, na shamba lililofunguliwa mapema hurudi kuwa gamba. Nyasi ziachwe zichanue na kudondosha mbegu ndipo mifugo iingie. Kwa hiyo mfugaji anayeanza na alime kipande kidogo anachoweza kukizungushia ua wa miiba na kukilinda. Mbegu atakazovuna humo zitatosha kupanda kipande kinachofuata.