Mkono wa Chuma Mgongoni mwa Unimog

Lori la Unimog U1300L linapopanda gogo kwa tairi moja la mbele, huku tairi la nyuma la upande wa pili likipanda tuta, anayelitazama kwa nyuma huona kichwa kimelalia kushoto na bodi imelalia kulia. Asiyelijua angeapa kwamba chasisi imekatika. Haijakatika. Imejisokota, na ndivyo ilivyokusudiwa: mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa mabomba, juu ya springi ndefu za koili, ili matairi yote manne yaendelee kukanyaga ardhi hata pale ardhi yenyewe inapopanda na kushuka. Jeshi la Ujerumani Magharibi lilianza kuyapokea malori haya mwishoni mwa miaka ya 1970, na sifa yake ya kupita pasipopitika inatokana kwa sehemu kubwa na ulegevu huo wa makusudi.

Sasa lifungie kreni. Kreni haitaki ulegevu hata kidogo. Mkono wa chuma unaonyanyua injini ya nusu tani na kuizungusha kutoka ubavu mmoja wa gari hadi mwingine unahitaji msingi uliokaza, la sivyo mzigo huyumba na kila mpindo huishia kwenye bolti. Gari linataka kujisokota, mashine iliyo juu yake inataka kutulia. Fundi anayeweza kuyapatanisha mawili hayo anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa.

Wazo lenyewe la kreni ya haidroliki juu ya lori lilizaliwa Sweden, katika mji wa Hudiksvall. Eric Sundin, mtengenezaji wa ski za kutelezea kwenye theluji, aliona kwamba injini ya lori ina nguvu inayolala bure gari linaposimama kupakia. Mwaka 1944 alianzisha kampuni ya Hydrauliska Industri AB, inayojulikana duniani kwa ufupisho wa HIAB.

Uchaguzi wa kreni huanza na hesabu, na hesabu hiyo si ya tani pekee. Ndoo ya maji iliyoshikwa karibu na kifua ni nyepesi. Ukinyoosha mkono, ndoo ileile inakutetemesha. Kwa sababu hiyo kreni za malori hupimwa kwa tani-mita, yaani uzito mara umbali. Kreni ya tani-mita 6, ukiacha kando uzito wa mkono wake, hunyanyua tani 2 kwa umbali wa mita 3, lakini tani 1 tu kwa mita 6. Mnunuzi anayeuliza “inabeba tani ngapi?” bila kuuliza “kwa umbali gani?” bado hajauliza kitu.

Kisha kuna uzito wa kreni yenyewe na mahali pa kuifunga. U1300L limeruhusiwa uzito wa jumla wa tani 7.5, kwa hiyo kila kilo ya kreni ni kilo iliyoondolewa kwenye mzigo. Chukua kreni ya kilo 700. Kutoka ekseli moja hadi nyingine, lori hili lina milimita 3,250. Kreni ikifungwa nyuma ya kichwa, mita 1.2 kutoka ekseli ya mbele, ekseli hiyo itabeba takriban kilo 440 na ya nyuma kilo 260. Ikifungwa mkiani, mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo italemewa na kilo 915, zaidi ya uzito wa kreni nzima, na ya mbele itapoteza kilo 215. Usukani unakuwa mwepesi palepale dereva anapouhitaji zaidi, kwenye mwinuko wa matope. Lori la HEMTT la jeshi la Marekani hufungwa kreni mkiani bila taabu, lakini hilo lina ekseli 4 na uzito wa kuhimili. Kwa Unimog, nyuma ya kichwa ndipo mahali pake.

Uzuri wa kazi yenyewe uko chini, mahali ambapo wapita njia hawaangalii. Fundi mahiri haiketishi kreni moja kwa moja juu ya chasisi. Huiundia fremu ya kati inayopokea nguvu za kreni na kuzigawa kwenye urefu wa kutosha wa mihimili. Chini ya kreni, fremu hiyo huwa ngumu. Ncha zake hukatwa mshazari, zikizidi kuwa nyembamba kuelekea mwisho, kwa sababu ncha nene iliyokatwa wima huigeuza chasisi kuwa bawaba, na hapo ndipo ufa huanzia. Bodi ya mizigo huachwa kwenye maegemeo yake yenyewe yanayocheza, ili chasisi iendelee kujisokota chini yake. Fundi asiyejua hayo huunganisha kila kitu kuwa kipande kimoja kigumu kutoka kichwani hadi mkiani, akijisifu kwamba kazi imekaza. Lori linalotoka mikononi mwake huning’iniza tairi hewani kwenye korongo la kwanza, na bolti huanza kukatika.

Mtazame fundi mahiri anavyotoboa. Mhimili wa chasisi una ukuta wa wima na midomo miwili, ya juu na ya chini. Drili huingia ukutani tu. Midomo haiguswi, maana ndiyo inayovutwa na kubanwa gari linapolemewa, na tundu moja la milimita 14 hapo linatosha kuzaa ufa. Kuchomelea chasisi ni mwiko mwingine: joto hubadilisha chuma kilichopewa nguvu zake kiwandani. Badala yake hutumika mabamba na bolti ngumu zinazokazwa kwa spana ya kipimo, kisha kukazwa tena gari likishafanya kazi kwa muda, kwa kuwa rangi iliyobanwa katikati husagika na kuacha nafasi.

Si kila lori la jeshi linadai upole huo. MAN KAT1, lililoingia jeshini Ujerumani mwaka 1976, lina fremu ya boksi isiyojisokota, na kazi yote ya kufuata ardhi imeachiwa springi. Tatra za Czech hubebwa na bomba nene la uti wa mgongo, mfumo ambao Hans Ledwinka aliutumia tangu 1923. Juu ya malori hayo, kufunga kreni ni kazi ya kawaida zaidi. Unimog ndilo linalompima fundi.

Kazi iliyobaki ni ya haidroliki: pampu inayozungushwa kutoka giaboksi, na vali za kushikilia mzigo hewani mpira wa mafuta ukipasuka. Miguu ya pembeni hutandazwa kabla mkono haujafunguliwa, ikiwekewa mbao nene chini yake penye matope.

Malori haya sasa yanastaafishwa na kuuzwa, Ujerumani kupitia VEBEG, kampuni ya serikali. Anayeonyeshwa lenye kreni asianze kwa kuomba mkono unyanyuliwe. Alale chini na tochi. Aangalie ncha za fremu ya kati, rangi iliyopasuka kandokando ya bolti, na kama maegemeo ya bodi bado yanacheza. Akikuta tundu kwenye mdomo wa mhimili, au mshono wa kuchomelea, aondoke, hata bei iwe nzuri kiasi gani.