Tofali la Makumbi Limenikosesha Usingizi

Jamani, limefumuka! Tofali la kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi) la gramu 650, gumu kiasi kwamba ukimrushia jirani utafikishwa polisi, nimelitia kwenye beseni, nikalimiminia lita 4 za maji ya vuguvugu, na hata sijarudisha kidumu mahali pake pembe zimeshaanza kupasuka. Linapanda! Linaachana tabaka kwa tabaka, linameza maji yote, na katikati bado pakavu panadai mengine. Baada ya robo saa beseni limejaa lita 8 au 9 za kitu chepesi, cha kahawia iliyokolea, kisichonuka samadi wala tope. Nimekifikicha kwa vidole mpaka mwenyewe nikaona haya.

Kwa mashamba makubwa ya maua ya Naivasha hii si habari. Wao waridi zao zinakaa kwenye kokopiti au pumisi tangu zamani, na mifuko huja kwao kwa makontena. Jipya ni kwamba sasa tofali dogo, la mtu wa kibarazani mwenye makopo na kivuli cha mwembe, limefika kwenye maduka ya pembejeo. Na mimi ndiye huyo mtu wa kibarazani. Nikipita kwa watu nikaona asumini imechanua, mkono unatafuta mkasi. Bogenvilia, nanaa, mrehani, waridi wa bibi wa mtaa wa pili, vyote nimeviomba na vyote vinahitaji pa kukaa mpaka vitoe mizizi.

Hapo pa kukaa ndipo wengi tunapoharibu. Tunadhani kipandikizi kina njaa. Tunakichomeka kwenye udongo mweusi uliojaa samadi, tunamwagilia asubuhi na jioni kwa huruma, na baada ya wiki mbili shina limekuwa jeusi kuanzia chini. Kijiti kilichokatwa leo hakina mizizi, kwa hiyo hakina cha kulia. Kinaishi kwa akiba ya sukari iliyomo shinani na kwa kazi ya majani mawili matatu uliyokiachia. Kinachotaka kutoka chini ni maji kidogo yasiyokatika na hewa nyingi, kwa sababu chembe hai zinazojikusanya karibu na fundo ili kutengeneza mzizi zinapumua kwa nguvu, na zikikosa oksijeni zinakufa. Maji yakituama, vimelea vya kuozesha kama Pythium vinafanya karamu. Samadi nayo inaleta chumvi na ukungu mahali penye kidonda kibichi. Kwa hiyo udongo bora wa kuoteshea, kama tutauita udongo, ni ule usio na chakula kabisa!

Na kokopiti haina chakula cha kusema. Uchachu wake uko kati ya pH 5.5 na 6.5, kiwango kinachofaa mimea mingi ya bustanini. Inashika maji mara nane hivi ya uzito wake na bado inabakiza nafasi za hewa. Ikikauka, inakubali maji tena bila ugomvi, na hapo ndipo inapomshinda mpinzani wake wa miaka mingi, piti ile ya mabwawa ya Kanada na nchi za Baltiki, ambayo ikishakauka maji yanateleza juu yake na kupita pembeni ya chungu. Piti ina uchachu mkali pia, na bwawa lake hukua kwa takribani milimita moja tu kwa mwaka. Makumbi sisi tunayachoma moto ili kufukuza mbu.

Hilo linaniuma, na nitalisema. Kokopiti ni lile vumbi linalobaki makumbi ya nazi yanapotwangwa ili kupata usumba. Nenda Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, utakuta akina mama wamefukia makumbi kwenye mchanga wa bahari kwa miezi ili yalainike, kisha wanayafukua, wanayapigapiga, wanasokota kamba. Vumbi linapeperuka. Wakati huohuo sehemu kubwa ya kokopiti inayouzwa duniani hutoka India na Sri Lanka, imeshindiliwa na kufungwa nailoni. Wapo wachache wanaosaga makumbi huku kwetu. Waongezeke!

Ila kabla hujakimbilia kuokota vumbi la ufukweni, ngoja. Chumvi. Makumbi yaliyolowekwa kwenye maji ya bahari yana sodiamu, na hata yasiyolowekwa huko yana potasiamu nyingi ya asili. Chipukizi la mzizi likikutana na chumvi linakauka ncha kabla halijarefuka. Tazama maandishi ya pakiti: tafuta neno linalosema imeoshwa, au EC ndogo, maana EC ndicho kipimo cha chumvi iliyoyeyuka. Hata ikiwa imeandikwa hivyo, mimi naiosha. Naitia kwenye gunia la nailoni lenye matundu, namimina maji yasiyo ya kisima cha chumvi, naacha yachuje, narudia mpaka yanayotoka chini yapoteze rangi ya chai nzito. Wenye mashamba huongeza nitreti ya kalsiamu, kwa sababu sodiamu na potasiamu nyingine zimeganda kwenye chembe za makumbi na maji matupu hayazibandui. Kalsiamu inaziondoa na kukaa mahali pake. Kwa vipandikizi vya kibarazani kuosha vizuri kunatosha.

Sasa twende kwenye kitu ambacho pakiti haikuambii, nacho ndicho kilichonikosesha usingizi. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze bapa juu ya mkono mpaka iache kudondosha. Kisha isimamishe wima. Maji yanatoka tena! Sifongo ni ileile, urefu ndio umebadilika. Ndani ya chungu mambo ni hayohayo: chini kabisa hubaki tabaka lililolowa chepechepe ambalo halichuji hata ukitoboa matundu kumi, na kimo cha tabaka hilo kinategemea ulichojaza, si kina cha chombo. Kwenye trei ya sentimita 4, kokopiti tupu ni kinamasi karibu yote, na mguu wa kipandikizi unakaa humohumo. Kwenye kiriba kirefu, mguu unabaki juu ya kinamasi. Ndiyo maana mtu mmoja anaisifu kokopiti na mwingine anaitukana, na wote wanasema kweli.

Dawa yake ni kuchanganya na kitu cha chembe kubwa. Nimejaribu nusu kwa nusu na mchanga wa mto uliochekechwa ukabaki ule mkubwa mkubwa, na aah! Ukiukamata mchanganyiko fumbani na kuukamua, yanatoka matone mawili matatu, kisha ukifungua vidole bonge linabaki na kumeguka ukiligusa. Hicho ndicho kiwango. Maji yakichuruzika, umezidisha. Bonge lisiposhikana, ongeza maji. Kwa trei fupi napandisha mchanga uwe sehemu mbili kwa moja. Tafadhali, usiwe mchanga wa ufukweni, maana huo una chumvi, na kwetu huku mwingi ni matumbawe yaliyosagika, chokaa tupu.

Walio karibu na Naivasha na Longonot watumie pumisi, yale mawe ya volkano yenye vitundu, mepesi na yenye hewa hata yakiwa yamelowa. Nawaonea wivu. Pelaiti ni nzuri vilevile, nyeupe, safi, ila bei yake inauma na vumbi lake si la kuvuta puani, ilowanishe kwanza. Vemikulaiti, ambayo Uganda wanaichimba Namekara upande wa mashariki, inashika maji mno kwa vijiti, iachieni mbegu. Na wenzetu wa Kyela, Mbarali na Mwea wana hazina kila msimu: pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kufikia kuwa jivu. Nyepesi, hazina vimelea kwa sababu zimepita motoni, na zinapitisha hewa kama pelaiti kwa bei ya kubeba gunia mwenyewe. Zinapandisha pH, kwa hiyo zioshe na zisizidi robo au theluthi ya mchanganyiko. Mbichi msizitumie, zinachacha.

Na maji kwenye glasi dirishani? Nayapenda kwa macho. Nanaa, mrehani na majani ya rangi hutoa mizizi humo haraka mno. Lakini mizizi ya majini ni laini, myeupe kama imeyeyushwa, haina vinyweleo vya kutosha, na siku ya kuhamia udongoni inakatika. Juzi nimeinua nanaa kutoka kwenye mchanganyiko wangu kwa kijiko cha chai. Mizizi haikuja peke yake! Ilikuja imekumbatia nyuzi za makumbi, chembe za mchanga zimening'inia, na ukiitikisa haiachii. Ukisogeza jichoni unaona vinyweleo kama ukungu kuzunguka kila mzizi. Ukiihamisha hivyo na bonge lake, haijui hata kama imehama.

Asumini pia imeshika, mashina ya nusu ugumu, yenye mafundo matatu, moja chini ya udongo. Bogenvilia bado, na sishangai, yeye huchukua wiki 4 hadi 8 na hupenda unga wa homoni na shina gumu lenye unene wa penseli. Simchomoi kumpeleleza. Pilipili manga ndiyo inayonipa hamu zaidi, maana mafundo yake yana vijizizi vya hewa tayari. Vinangoja unyevu tu.

Kasoro za kokopiti zipo. Juu inakauka na kupauka wakati chini bado imelowa, kwa hiyo macho yanakudanganya umwagilie. Chomeka kidole kwanza. Bei, ukilinganisha na mchanga wa bure, ni ya kufikiri mara mbili. Na mizizi ikifika sentimita 2 au 3 lazima uhamishe mche kwenye udongo wenye mboji, la sivyo majani yanaanza kuwa manjano kwa njaa, safari hii njaa ya kweli. Mimea yenye maji shinani, dungusi na wenzao, usiwalaze humu. Acha kidonda kikauke siku kadhaa, kisha wape mchanga mkavu au pumisi tupu.

Kwa vingine vyote, nunueni tofali dogo, liosheni, changanyeni na mchanga mkubwa, mtazame kina cha chombo. Mimi nimeshaagiza lile la kilo 5, linalofumuka kufikia lita 70 hivi, na sijui beseni la kulilowekea nitalitoa wapi.