Zimwi Likujualo: Upatanisho wa Kisarufi na Jini Mpenzi katika Fasihi Pendwa

Kisa cha mwanamke mrembo aombaye lifti usiku, ambaye dereva akitupa jicho chini huona kwato mahali pa nyayo, hakina mwandishi. Husimuliwa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na kila mara aliyeyaona hayo si msimulizi mwenyewe bali ni shemeji wa jirani yake. Fasihi pendwa imekichukua kisa hicho na kukiongezea swali ambalo uvumi haukuhitaji kuliuliza: itakuwaje iwapo mwanamke huyo yupo kweli, na aliyempakia garini akampenda? Ni rahisi kuzipita kazi za namna hii kwa kuziita ushirikina uliotiwa chumvi. Hata hivyo, zinategemea kiungo cha sarufi ya Kiswahili ambacho lugha nyingi hazina, na zinaposhindwa, kushindwa kwake huanzia katika kiungo hicho hicho.

Nomino jini, kama zimwi, shetani na joka, ina umbo la ngeli ya JI-/MA-. Umbo hilo lingetaka jini lile limekuja. Uhai wake unataka jini yule amekuja. Sarufi za shuleni hulimaliza jambo hili kwa kanuni moja: chenye uhai hufuata upatanisho wa A-/WA-. Wazungumzaji hawajalimaliza. LI- hubaki kinywani pale msemaji anapotaka kukuza, kudharau au kuweka umbali kati yake na anachokitaja, na huondoka pale umbali huo unapoisha. Kwa hiyo swali la utanzu huu, yaani kama kiumbe yupo na akiwapo ni nani, huulizwa upya katika kila kitenzi bila mhusika yeyote kulitamka. Methali imeling'amua hilo kabla ya wanaisimu: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kiambishi cha yambwa -ku- kinamweka msikilizaji ndani ya uhusiano; zimwi linamjua, pengine linamwonea huruma, lakini linabaki li-. Ujuano haukulipandisha kuwa mtu. Hadithi nzuri ya jini mpenzi ingeweza kuandikwa ndani ya maneno hayo manne.

Shaaban Robert aliukaribia mlango huu katika Adili na Nduguze (1952) akaamua kutoingia. Huria, jini aliyeokolewa na Adili akiwa katika umbo lisilo lake, ana kila sifa ya mpenzi wa hekaya: ana deni la uhai, ana uwezo wa kubadili umbo, na hujitokeza Adili anapokuwa hatarini. Lakini mapenzi ya Adili yanaelekezwa kwa Mwelekevu, binadamu aliyekutwa peke yake katika mji wa watu waliogeuka mawe. Mwandishi amegawa mafungu: jini apate shukrani, mwanamke apate mahaba. Mgawanyo huo ni wa kimaadili, na unaiweka kazi yake mbali na tishio lolote la kitandani. Adhabu ya nduguze, waliogeuzwa manyani na kucharazwa kila usiku, inaonyesha kwamba Huria ni hakimu. Hakimu hapendwi, hutiiwa.

Mussa Banzi, katika filamu yake Shumileta (2005), alikataa mgawanyo huo. Kiumbe wa ulimwengu wa majini anamtaka mwanamume binadamu na kuja kwake katika sura ya mwanamke. Huo ni ujasiri, na ndiyo sababu jina la mhusika limedumu kuliko filamu nyingi za miaka ile. Tatizo ni la chombo. Filamu haina msimulizi wa kupima li- na a-. Ina kamera, na kamera humwonyesha jini kabla ya mpenzi wake kumshuku. Mtazamaji akishajua, uvumi umekufa, na kinachobaki ni kungoja maangamizi. Riwaya ingeweza kumficha jini ndani ya kiambishi kimoja kwa sura kumi. Ajabu ni kwamba hadithi nyingi zilizochapishwa zinaiga kamera badala ya kutumia neema hiyo: jini hutajwa kwa jina la ujini wake katika aya ya kwanza, kwa a- ya kanuni ya shuleni, na mwandishi hutumia kurasa zinazofuata kutafuta hofu aliyoitupa mwenyewe.

Kuna jambo zito zaidi ya ufundi. Katika imani ya kila siku, jini mahaba mara nyingi ni wa kiume, naye husemwa kumkalia mwanamke aliyechelewa kuolewa au ambaye mimba zake zinaharibika. Mwanamke ndiye apelekwaye kwa mganga. Katika kisa cha barabarani na katika filamu, jini ni mwanamke na mhanga ni mwanamume. Katika imani mwanamke ni mgonjwa. Katika sanaa ni ugonjwa wenyewe. Kiwakilishi yeye, kisichobagua jinsia, ndicho kinachoruhusu ugeuzaji huo upite kimya. Mwanamke anayeishi peke yake mjini na kulipa kodi ya chumba chake hahitaji kuwa na kwato ili aitwe jini. Inatosha majirani wabadilishe upatanisho.

Ukimya huo hauwezekani kila mahali Kiswahili kinapofika. Mogitu, wilayani Hanang, chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, Kiswahili hukutana na Kiiraqw, lugha ya Kikushi, na Kidatooga, lugha ya Kinailoti. Kiiraqw kina jinsi ya kisarufi. Lo'a, anayehusishwa na jua, ni wa kike. Netlaangw, roho wa chemchemi na mito, ni wa kiume. Netlaangw ana makao: mtu humkuta kwa kwenda majini, na humwepuka kwa kupita njia nyingine. Jini wa lifti hana chemchemi. Makao yake ni lami, naye ndiye amfuataye mtu. Msimulizi wa Mogitu anayetaka kukihamishia kisa hicho katika Kiiraqw hawezi kuanza kwa a- isiyo na jinsia. Akimwita netlaangw, nomino inamlazimisha upatanisho wa kiume, na mrembo wa barabarani anaanza hadithi akiwa na jinsia ya roho wa mtoni. Akilikopa neno jini, bado itambidi alipatie jinsi. Kabla ya dereva hajafunga breki, msimulizi ameshaamua jambo ambalo Kiswahili kingemwachia alifiche hadi mwisho.