Kitenzi Kisicho na Mwenyewe: Lugha ya Tetesi za Usajili katika Kurasa za Michezo

Aghalabu wakosoaji wa kurasa za michezo huwalaumu waandishi kwa uwongo. Lawama hiyo haitoshi, kwa kuwa mwandishi wa tetesi husema uwongo mara chache, sarufi humkinga.

Tutazame maneno matatu ambayo msomaji wa Mkunya au Masasi huyakuta kila dirisha la usajili lifunguliwapo: inaelezwa, inadaiwa, inasemekana. Kiambishi i- hapo hakirejei jina lolote. Hata hivyo maneno haya si sawa. Mwenye kuandika inaelezwa aweza kuulizwa, na nani? naye akaongeza jina. Inasemekana haina mlango huo: kiishio chake humwondoa mtendaji kabisa, wala Kiswahili hakikubali kumrudisha kwa na. Ngano zetu nazo huanza kwa paliondokea bila kumtaja shahidi, na hapana amdaiye msimulizi ushahidi. Lakini gazeti hununuliwa kwa fedha, na mnunuzi hakuomba ngano.

Mbaya zaidi ni amemalizana. Wakati wa -me- hutangaza jambo lililotimia, ilhali kitenzi chenyewe hakisemi kama mkataba umetiwa sahihi au watu wamekunywa chai tu. Watu wa Newala wana neno kangomba kwa korosho inunuliwayo kwa siri nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, kabla haijapimwa wala kupangwa daraja. Sijui neno lifaalo zaidi kwa habari ya namna hii.

Katika shauri la Feisal Salum mambo ya kuthibitishwa yalikuwapo tele. Desemba 2022 mchezaji huyo alitangaza kuvunja mkataba wake na Yanga. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikaamua kuwa angali mchezaji wa klabu hiyo. Juni 2023 akahamia Azam. Mkataba una vifungu, na uamuzi una hoja. Kwa maoni yangu, msomaji alistahili kuelezwa kwanza mchezaji aweza kujitoa kwa masharti gani, kwani hapo palikuwa na riziki ya kijana na haki ya klabu. Makisio ya aendako yangaliweza kungoja.

Watetezi wa tetesi watataja kuwa Clatous Chama, aliyekuwa Simba, kweli alikwenda Yanga Julai 2024. Naam, lakini tetesi kusadifu si kuthibitishwa, kama vile saa iliyosimama haisomi wakati japo hulingana nao mara mbili kwa siku. Nakubali jambo moja: yuko mpasha habari ambaye angepoteza kazi akitajwa. Hapo inaelezwa ina haki yake, mradi sentensi ifuatayo iseme aliyeeleza ni kiongozi wa klabu, wakala, au mchezaji mwenyewe.